Sura ya Nne: Ukoo Unaodai Elektroni Moja

Kwenye miteremko ya Mlima Meru, katika vijiji vinavyotegemea chemchemi na visima, utakutana na watu wanaofunika mdomo kwa kiganja wanapocheka. Meno yao yana mabaka ya kahawia, na mengine yamechimbika kama jiwe lililoliwa na maji. Wakienda mikoa mingine huulizwa kama ni wa Arusha kabla hawajataja jina. Wapo waliokua wakiambiwa na walimu na wakwe kwamba hawapigi mswaki. Ni dhuluma, na sura hii nimeiandika kwa sehemu ili kuiondoa. Hata ukisugua mara 10 kwa siku rangi ile haitoki, kwa sababu haikupakwa juu ya jino. Imo ndani, iliingia jino lilipokuwa bado linaumbika katika ufizi wa mtoto.

Kilichoiingiza ni florini. Sasa toka mlimani, njoo jikoni kwako. Pakiti ya chumvi imeandikwa kwamba ina madini joto: hiyo ni iodini, ndugu yake florini. Chumvi yenyewe, zaidi ya nusu ya uzito wake ni klorini, ndugu mwingine. Ile dawa ya kung'arishia nguo nyeupe ambayo sote tunaiita jiki, hata ikiwa imetengenezwa na kampuni nyingine kabisa, ni klorini tena. Na ndani ya dawa ya meno, florini huyo huyo anayeharibu meno ya Meru amewekwa makusudi ayalinde ya kwako.

Ukoo mmoja umejaa nyumba nzima. Wakemia huuita halojeni, neno lililoundwa kwa Kigiriki lenye maana ya watengeneza chumvi. Ni ndugu kwelikweli, wa baba mmoja mama mmoja, na bado mmoja akizidi kidogo meno yanaharibika, mwingine akipungua kidogo shingo inavimba, mwingine ukimvuta kwa pua anaua. Undugu wao unatoka wapi, na tofauti zao zinatoka wapi? Maswali hayo mawili ndiyo kemia nzima ya jedwali la elementi, na ukiyajibu kwa ukoo huu mmoja umeyajibu kwa karibu koo zote.

Choroko katikati ya uwanja

Tuanze na atomu yenyewe. Mwaka 1909, katika chuo kikuu cha Manchester, Uingereza, Hans Geiger na kijana aliyeitwa Ernest Marsden walikuwa wakirusha chembe za alfa kwenye karatasi nyembamba mno za metali, dhahabu ikiwemo. Karibu chembe zote zilipenya kana kwamba mbele yao hapakuwa na kitu. Lakini chache sana, pengine moja katika kila 8,000, zilirudi zilikotoka. Mkuu wao, Ernest Rutherford, alilitafakari jambo hilo hadi mwaka 1911, akatoa jibu ambalo halijapinduliwa: karibu uzito wote wa atomu umekusanyika katika kiini kidogo mno chenye chaji chanya, na kila kilichobaki ni nafasi tu, zinamoishi elektroni.

Udogo wa kiini hicho unataka mfano. Chukua punje moja ya choroko, uiweke pale mwamuzi anapoweka mpira kuanzisha mchezo. Ikiwa choroko hiyo ni kiini cha atomu ya klorini, basi atomu yenyewe inafika karibu na magoli yote mawili. Uwanja mzima uliobaki ni himaya ya elektroni 17 ambazo kwa pamoja hazina hata sehemu moja ya elfu tatu ya uzito wa punje ile.

Ndani ya choroko mna protoni na nyutroni. Nyutroni hazina chaji. Kazi yao hapa si kubwa, tuziache. Protoni ndizo zinazoamua jina. Atomu yenye protoni 9 ni florini, popote ilipo, iwe kwenye jiwe la Meru au kwenye jino la simba. Yenye 17 ni klorini, yenye 35 ni bromini, yenye 53 ni iodini. Hakuna kemikali, mganga wala moto wa jikoni unaoweza kubadilisha idadi hiyo.

Lakini protoni hazionani na dunia. Atomu mbili zinapokutana, zinazogusana ni elektroni zao za ukingoni. Kwa hiyo jina hutoka katikati na tabia hutoka pembeni, na kinachounganisha viwili hivyo ni mvuto wa kiini juu ya elektroni ile ya mwisho. Naomba msomaji aushike mvuto huo mkononi, maana hatutauacha hadi mwisho wa sura.

Mashimo manane

Elektroni hazikai ovyo. Zinajipanga kwa mizingo, wa ndani kwanza kisha wa nje. Mzingo wa kwanza unachukua elektroni 2 tu. Inayofuata inaweza kuchukua zaidi, ila ule wa ukingoni, kwa elementi tunazozizungumzia, hutosheka ukiwa na 8.

Anayelijua bao la Kiswahili ameshaipata picha. Safu moja ya bao ina mashimo manane. Tazama mzingo wa nje wa atomu kama safu hiyo, na elektroni kama kete. Florini amepanga 2 ndani, 7 nje. Klorini: 2, 8, 7. Bromini: 2, 8, 18, 7. Iodini: 2, 8, 18, 18, 7. Wote wana kete 7 katika safu ya nje na shimo moja tupu. Undugu wao ndio huo tu. Wote wanadai elektroni moja, wote wakiipata wanageuka ioni zenye chaji hasi moja, wote wakikutana na sodiamu wanatoa kitu cheupe cha kuyeyuka majini ambacho ulimi ungekiita chumvi.

Mbele yao kwenye jedwali kuna neoni na argoni na wenzao, gesi adimu, ambao safu yao imejaa. Hawadai wala hawadaiwi. Nyuma kabisa, mwanzo wa safu mlalo inayofuata, kuna sodiamu na potasiamu, ambao wana kete moja tu katika safu mpya. Ukiendelea kuongeza protoni moja moja, safu inajaa, inaanza upya, inajaa tena. Ndiyo sababu jedwali linaitwa radidia: linarudia. Lakini, kama wimbi la bahari, kila linaporudi halirudi lile lile. Limepanda hatua moja zaidi kutoka katikati.

Dmitri Mendeleev hakujua lolote kati ya haya alipochapisha jedwali lake huko Urusi mwaka 1869. Elektroni ilikuwa haijagunduliwa. Ingesubiri hadi 1897. Alikuwa na elementi 63, uzito wa kila moja na tabia zake, akazipanga kwa uzito huku akiangalia tabia zinaporudia. Sifa anazopewa zaidi ni za kuacha nafasi wazi kwa elementi ambazo hazijaonekana, kisha galiamu ikapatikana mwaka 1875 na kukaa pale pale alipoiachia. Ni jambo kubwa, lakini mimi huvutiwa zaidi na uamuzi wake mwingine, ambao unauhusu ukoo wetu. Kwa mizani, teluriamu ni nzito kuliko iodini. Kwa kanuni yake mwenyewe, iodini ilipaswa kutangulia, jambo ambalo lingeitupa nje ya ukoo wa klorini. Mendeleev alikataa. Alisema iodini ni ndugu wa klorini, tabia zake zinashuhudia, na kama mizani inasema vingine basi mizani imekosea.

Mizani haikukosea. Kilichokosewa ni kipimo. Mwaka 1913 Henry Moseley, Mwingereza wa miaka 25, alizipiga elementi kwa elektroni na kupima mionzi ya eksirei iliyotoka, akakuta kwamba kila elementi ina namba yake kamili, nayo ni chaji ya kiini. Teluriamu 52, iodini 53. Panga kwa protoni badala ya uzito, na kila ndugu anakaa kwao bila kulazimishwa. Miaka miwili baadaye Moseley aliuawa kwa risasi kwenye vita vya Gallipoli, akiwa na miaka 27. Ni vigumu kuandika mstari huo na kuupita haraka.

Atomu inayonywea ikiongezwa

Sasa tutembee. Jedwali lina njia mbili za kutembea, kulia na chini, na kila njia ina kanuni yake.

Anza na sodiamu, protoni 11, uende kulia hadi klorini, protoni 17. Njiani umeongeza protoni 6 na elektroni 6. Ungetarajia atomu inenepe. Inanywea. Nusu kipenyo cha sodiamu katika metali yake ni pikomita 186, na cha klorini ni 99 tu. (Pikomita moja ni sehemu ya bilioni ya milimita.) Sababu ni kwamba elektroni zote 6 mpya zimeingia safu ile ile ya nje, umbali ule ule, wakati kiini kimezidi kuwa na nguvu. Elektroni za safu moja hazikingiani vizuri. Kila moja inauona mvuto wa kiini karibu wote ulioongezeka. Kwa hiyo zote zinavutwa ndani, kama kamba za ngoma zinapokazwa.

Hapo ndipo unapoelewa kwa nini upande wa kushoto wa jedwali ni wa metali zinazopoteza elektroni na upande wa kulia ni wa wanaozichukua. Sodiamu ana kete moja, mbali, kwa kiini ambacho mvuto wake umekingwa na elektroni 10 za ndani. Kuing'oa kunagharimu kilojuli 496 kwa kila gramu 23 za sodiamu. Jaribu kung'oa ya pili, ambayo iko mzingo wa ndani, na gharama inaruka hadi 4,562, zaidi ya mara tisa. Ndiyo maana sodiamu daima anatoa moja na hatoi mbili, iwe katika bahari ya Hindi au katika magadi ya Ziwa Natron.

Vitabu vingi vya shule husema sodiamu "hupenda" kutoa elektroni yake na klorini "hupenda" kuipokea, kisha chumvi inatokea. Si kweli, na hesabu ni rahisi. Kumng'oa sodiamu kunagharimu 496. Klorini akiipokea anarudisha 349. Biashara hiyo ina hasara ya kilojuli 147. Ingeachwa hapo, chumvi isingekuwepo duniani. Faida inakuja baadaye, pale ioni za chanya na hasi zinapopangana, moja ya huku na moja ya huku, juu chini, kushoto kulia, mbele nyuma, kila moja imezungukwa na sita za upande wa pili. Kujipanga huko kunatoa kilojuli 787. Hilo ndilo linalolipa deni na kubakiza nyingi. Mchemraba mdogo wa chumvi ya mawe unaouona ukiuweka kwenye mwanga ni umbo la mpango huo huo, uliorudiwa mamilioni kwa mamilioni hadi jicho likauona.

Klorini ambaye bado hajapata elektroni ni mtu mwingine kabisa. Ni gesi ya rangi ya kijani-njano, na inachukua elektroni popote inapozikuta. Ikizikuta kwenye utando wa bakteria wa kipindupindu, bakteria anakufa, na hiyo ndiyo kazi ya klorini inayotiwa majini. Ikizikuta kwenye mapafu ya binadamu, haibagui. Tarehe 22 Aprili 1915, karibu na mji wa Ypres, Ubelgiji, jeshi la Ujerumani lilifungua mitungi ya klorini ikapeperushwa na upepo hadi kwenye mahandaki ya adui. Aliyesimamia kazi hiyo, Fritz Haber, alikuwa mkemia hodari aliyejua vizuri ni kitu gani anakiachia. Nawe pia ujue: ukichanganya jiki na dawa ya choo yenye asidi, gesi hiyo hiyo inatoka, ndani ya choo chako, mlango ukiwa umefungwa. Usifanye kamwe.

Kuteremka ngazi

Njia ya pili ni ya kwenda chini, kutoka florini hadi iodini. Hapa kete za nje hazibadiliki, ni 7 kila hatua. Kinachoongezeka ni mizingo ya ndani. Nusu kipenyo kinapanda: florini 71, klorini 99, bromini 114, iodini 133. Protoni zimeongezeka kweli, lakini zimekingwa na elektroni zilizozidi kujaa katikati, na safu ya nje imesogea mbali. Mvuto unafika ukingoni umechoka.

Mwaka 1932 Linus Pauling alitafuta namna ya kupima jinsi atomu inavyovutia elektroni za jirani yake inapounganika naye. Kwa kipimo hicho florini ana 3.98, mkubwa kuliko wote katika jedwali. Klorini 3.16, bromini 2.96, iodini 2.66. Matokeo yake yanaonekana kwa macho. Mimina maji ya klorini kwenye maji yenye iodaidi, na yanageuka kahawia papo hapo: klorini amemnyang'anya iodini elektroni aliyokuwa ameshaipata. Geuza mchezo, mpe iodini kloraidi, na hakuna kinachotokea hata ukikaa hadi kesho.

Ukubwa huo huo wa atomu unaeleza kwa nini ndugu hawa hawakai hali moja. Florini na klorini ni gesi. Bromini ni kimiminika chekundu-kahawia chenye harufu ya kukaba. Iodini ni yabisi, fuwele za kijivu zinazong'aa. Kadiri atomu inavyokuwa kubwa, ndivyo elektroni zake za nje zinavyolegea na kuyumba, na molekuli zikiyumba hivyo zinanatana. Florini anachemka kwenye nyuzi -188, iodini kwenye nyuzi 184.

Bromini nampita. Zamani alihesabika katika kila picha ya harusi, kwa maana filamu ilikuwa bromaidi ya fedha, na siku hizo zimekwisha. Iodini ndiye ninayetaka kukaa naye.

Alionekana kwa bahati mwaka 1811. Bernard Courtois, Mfaransa, alikuwa akitengeneza chumvi ya baruti kwa ajili ya vita vya Napoleon, akitumia majivu ya mwani. Siku moja akatia asidi ya salfa nyingi kupita kiasi, na moshi wa zambarau ukapanda, ukaganda kuwa fuwele kwenye vyombo baridi. Mwani ulikuwa umeikusanya iodini kutoka baharini. Bahari inayo, ardhi ya milimani ambako mvua imeosha udongo kwa maelfu ya miaka haina ya kutosha. Ndiyo sababu rovu, ule uvimbe wa shingo, lilikuwa ugonjwa wa nyanda za juu zaidi kuliko wa Wapwani wanaokula samaki. Tezi ya shingo inahitaji iodini kutengeneza homoni zake. Ikikosa inajitanua, inahangaika kunasa hata kidogo kinachopita. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 kwa siku, kiasi kidogo mno, lakini mama mjamzito akikosa hicho, mtoto anaweza kuzaliwa akili yake imeshazuiwa kukua. Kwa hiyo serikali zetu ziliamua kwamba chumvi ya mezani itiwe madini joto, maana hakuna nyumba isiyonunua chumvi.

Hapa kanuni ya jedwali inaingia sufuriani. Ungedhani kitu cha kutia ni iodaidi, ioni iliyokwishapata elektroni yake na kutulia. Lakini iodini ndiye mkubwa katika hawa wanne, na elektroni ile aliyoipata ameishika kwa vidole viwili. Jua, unyevu na hewa vinatosha kumnyang'anya, naye akishaipoteza anageuka mvuke na kuondoka bila hata kupitia hali ya kimiminika. Kwa chumvi inayokaa wazi dukani kwenye joto la Bagamoyo au Malindi, iodaidi haidumu. Kwa hiyo wanatia iodeti ya potasiamu, ambamo iodini tayari amefungwa na oksijeni tatu na hana elektroni rahisi ya kuporwa. Hata hivyo si ya milele. Funika chumvi yako, iweke mbali na jua na moshi wa jiko, na uitie chungu kinapokaribia kuiva.

Aliye karibu mno na kiini

Tumebaki na yule wa kwanza, mdogo kuliko wote, florini.

Kwa zaidi ya miaka 70 wakemia walijua yupo na hawakuweza kumtoa. Kila walipomtenganisha na mwenzake alimrukia wa karibu: kioo, maji, metali ya chombo, koo la mtafiti. Paulin Louyet wa Ubelgiji na Jérôme Nicklès wa Ufaransa walikufa kwa sumu ya kazi hiyo. Tarehe 26 Juni 1886, jijini Paris, Henri Moissan alipitisha umeme katika asidi ya floraidi isiyo na maji, iliyopozwa chini sana ndani ya chombo cha platini kilichozibwa kwa jiwe la floraiti, jiwe ambalo tayari lilikuwa limeshiba florini na halingeweza kuliwa zaidi. Gesi iliyotoka iliiwasha silikoni palepale. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1906, na Februari 1907 akafariki.

Lazima nikiri jambo moja ambalo linaharibu unadhifu wa kanuni. Ukipima nishati inayotolewa na atomu pweke inapopokea elektroni, mshindi si florini bali klorini: 349 dhidi ya 328. Florini ni mdogo kiasi kwamba elektroni zake 7 zimebanana, na mgeni wa nane anasukumwa na wenyeji hata kama kiini kinamwita. Ukali wa florini unatoka kwingine pia: kifungo kati ya atomu zake mbili ni dhaifu kwa sababu ya msongamano huo huo, kwa hiyo kinavunjika upesi, na vifungo anavyofunga na wengine ni imara mno. Kanuni ya chini na kulia ni ya kweli, ila kwenye kona ya juu kabisa ya jedwali udogo wenyewe unakuwa nguvu ya pili.

Florini wa maji ya Meru si huyo gesi. Ameshapata elektroni yake mamilioni ya miaka iliyopita, ni floraidi, mtulivu, hana rangi wala harufu wala ladha. Ametoka katika miamba ya volkeno ya Bonde la Ufa, kuanzia Nakuru na Naivasha hadi Arusha. Kwingineko duniani kalsiamu iliyomo majini humkamata na kumzamisha kuwa jiwe lile lile la floraiti. Lakini maji ya miamba yetu yana sodiamu nyingi na kalsiamu kidogo, na floraidi ya sodiamu inayeyuka. Basi anabaki majini, anachotwa na ndoo. Amo pia katika magadi yanayochotwa ardhini na kutiwa kwenye maharage ili yaive upesi. Shirika la Afya Duniani linashauri lita moja ya maji isiwe na zaidi ya miligramu 1.5 za floraidi, lakini kwa miaka mingi Tanzania ilivumilia hadi 4, kwa kuwa vyanzo vingi vya kaskazini visingefikia kiwango kile.

Sasa jino. Sehemu ngumu ya juu, enameli, imejengwa kwa apatiti: kalsiamu, fosfati, na katikati ya safu zake ioni ya haidroksidi, yaani oksijeni na hidrojeni zenye chaji hasi moja. Floraidi ana chaji hasi moja, na ukubwa wake karibu unalingana na wa haidroksidi. Anaenea pale pale. Kloraidi, ndugu yake, ana kipenyo kikubwa zaidi na haingii kwa urahisi. Floraidi kidogo akiingia, apatiti inakuwa ngumu kuyeyushwa na asidi ya mabaki ya chakula, ndiyo faida ya dawa ya meno. Akizidi wakati jino linaumbika, yaani katika miaka 8 hivi ya mwanzo ya maisha, ujenzi wenyewe unavurugika: enameli inabaki na vinyweleo, inanyonya rangi, inamenyuka. Akizidi zaidi na kwa miaka mingi, anaingia kwenye mifupa, na mgongo na magoti yanakakamaa.

Akina mama wa Meru wamefundishwa kuchemsha maji, na kwa vijidudu ni sawa kabisa. Klorini aliyetiwa majini ukichemsha anapanda na mvuke kwa kuwa yeye bado ni molekuli. Floraidi ni ioni, havuki. Maji yakipungua sufuriani, yeye anabaki yule yule, na kila lita iliyosalia ina floraidi nyingi kuliko mwanzo.

Kinachomtoa ni mfupa. Katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto, nje ya Arusha, na kwa wenzao wa Nakuru, mifupa ya ng'ombe kutoka machinjioni huchomwa kwenye tanuri lenye hewa kidogo hadi ibaki mkaa mweusi, kisha hupondwa na kujazwa kwenye ndoo yenye bomba chini. Mfupa ni apatiti, kama jino. Maji yakipita taratibu kati ya chembe hizo, floraidi anakuta nafasi za haidroksidi zenye ukubwa wake, anaingia na kukaa humo, na maji yanatoka bombani bila yeye. Kile anachokifanya katika ufizi wa mtoto anakifanya ndani ya ndoo. Baada ya miezi kadhaa, kutegemea ukali wa chanzo, nafasi zinajaa. Maji yanapimwa, mkaa uliokwisha shiba unamwagwa, na ndoo inajazwa mkaa mpya.